Kilichotuziba Midomo

Wengi wetu tulifika Newburg, hapa Louisville, kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Kule tulisoma kwa Kifaransa, tukacheza kwa Kiswahili. Hapa tulipangiwa darasa kwa umri, tukapewa kitabu cha sayansi cha Kiingereza. Usanisinuru tulikwisha kuusoma, ila maneno ya kuueleza hatukuwa nayo. Tukajaribu kujibu, wenzetu wakacheka matamshi yetu. Tukanyamaza, na mwalimu akadhani hatujui kitu. Lakini jioni tuliwatafsiria mama zetu hospitalini bila woga, maana pale hakuna aliyecheka. Ndipo tukajua kwamba kilichotuziba midomo ni aibu. Lugha hujifunzwa kwa kukosea. Basi hapa klabuni, mgeni akikosea Kiswahili, tusimcheke.