"Nataka" Moja, Maneno Mengi ya Kiingereza



Ukienda dukani husemi "nataka chumvi." Unasema "naomba chumvi," hata kama pesa unayo mkononi. Hukufundishwa hivyo darasani, umelelewa hivyo. Lakini ukishika kalamu kuandika Kiingereza, neno la kwanza linalokujia ni "want", na adabu yote inabaki nyumbani.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliwahi kuniletea barua ya kuomba ufadhili niipitie. Aliandika: "I want you to pay my fees." Kisarufi haina kosa. Nami namjua kijana yule, hutoa shikamoo kabla hujamwona. Ila mfadhili hakumjua. Angeisoma kama amri. Tukaandika: "I would be grateful if you could help me with my fees." Ombi lilikuwa lile lile, lakini sasa barua ilifanana na mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika "want", jiulize kwa Kiswahili unamaanisha nini hasa.

Ukimaanisha "naomba", andika "I would like".

Ukimaanisha "nahitaji", yaani bila kitu hicho mambo hayaendi, andika "I need".

Ukimaanisha "natumaini", na jambo lenyewe linawezekana, andika "I hope": "I hope I will pass."

Ukimaanisha "laiti", andika "I wish", kisha rudisha kitenzi nyuma. "I wish I knew" ni "laiti ningejua", "I wish I had known" ni "laiti ningalijua."

Angalia na muundo. "I want you to come" ni sahihi, lakini "I hope you to come" si sahihi, sema "I hope you will come." Nayo "I wish to apply" inakubalika katika barua rasmi, na hapo haina maana ya laiti.

Usishtuke pia ukikutana na "for want of water" katika ufahamu. Zamani "want" ilimaanisha kukosa, na maana hiyo ingali hai: "kwa kukosa maji."

Mtahini hajawahi kukuona. Atakujua kwa karatasi yako tu. Chukua barua yako ya mwisho ya mazoezi, zungushia duara kila "want", kisha amua ipi ibaki.