Kopo la Manjano

Jumamosi moja niliteremka Emali, pale njia panda ya Loitokitok, nikafika nyumbani na kumkuta mama ameketi barazani akisukutua. Alitema maji kwenye karai. Yalikuwa mekundu.

"Ni fizi tu, mwanangu," akasema. "Uzee huo."

Sikuridhika. Mikono yake ilikuwa na mabaka meusi kama ya mtu aliyegongwa, naye hakuwa ameanguka. Mama ana miaka 71, na tangu damu igande mguuni mwake, kila jioni humeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Nikamwuliza kama amezidisha. Akaniapia kwamba hajazidisha hata kidonge kimoja. Kisha akaingia chumbani, akarudi na kopo la plastiki.

"Nimeongeza hivi tu, na si dawa. Ni manjano na pilipili manga. Vitu vya jikoni."

Alilinunua kwa mchuuzi aliyepanda basi akilisifu kwamba linatibu magoti, presha na sukari. (Mimi nikisikia dawa inayotibu kila kitu, hushika mfuko wangu kwanza.)

Msomaji, usimcheke mama. Manjano tumeyala katika mchuzi miaka yote wala hayajamdhuru mtu. Lakini unga wa manjano una kiasi kidogo tu cha kurkumini, na sehemu kubwa yake hupita tumboni bila kuingia katika damu. Kwenye vidonge vya aina ile kurkumini hukamuliwa na kukolezwa, kisha hutiwa kiini cha pilipili manga makusudi. Watafiti wa India walionyesha mwaka 1998 kwamba kiini hicho huweza kuongeza kurkumini inayofika katika damu ya binadamu mara 20 hivi. Huo si mchuzi tena.

Mwaka 2018, wasimamizi wa dawa nchini New Zealand walitoa onyo kuhusu mgonjwa wa warfarini aliyeanza kutumia bidhaa ya manjano. Kipimo chake cha kuganda kwa damu, ambacho kwa wengi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3, kilipanda kupita 10. Italia nayo, mwaka 2019, ilichunguza visa vya watu waliougua ini baada ya kumeza vidonge vya manjano.

Cha mama kilikuwa 6. Daktari alimsimamishia vidonge vyote, vya hospitali na vya basi, akamlaza siku mbili. Kilichoniuma ni kwamba kliniki walikuwa wamemwuliza kama ana dawa nyingine, naye akajibu hana. Hakudanganya. Kwake viungo si dawa. Nami, niliyesoma, sikuwahi kuuliza kopo lile ni la nini, ingawa nililiona juu ya kabati mwezi uliotangulia.

Nilitafuta juu yake nambari ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu. Haikuwapo.

Jambo moja nakiri: magoti yake yalikuwa yamepata nafuu kweli. Zipo tafiti zinazoonyesha manjano hupunguza kiasi maumivu ya magoti, kama vile tangawizi inavyotuliza kichefuchefu cha waja wazito. Mama alinikumbusha hayo ya magoti mara tatu njiani tukirudi.

Daktari hakumkataza manjano ya mchuzi. Vidonge tulivitupa. Kopo amekataa kulitupa. Sasa anawekea chumvi.