Kupanda Milima kwa Nauli ya Basi kutoka Eastlands

Mkazi wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, anaweza kupanda mlima na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo bila gari lake mwenyewe, na kati ya milima inayofikika hivyo imo hii mitatu. Ngong iko kusini-magharibi mwa Nairobi, na kilele chake kirefu kina mita 2,460. Kilimambogo, ambao ramani huuandika Ol Donyo Sabuk, una mita 2,145 na hufikiwa kupitia Thika. Longonot, mita 2,776, uko ndani ya Bonde la Ufa, njia ya Naivasha. Kati ya hiyo, Ngong ndiyo iliyowalea watu wa Jericho, Bahati, Makadara na Kaloleni. Asubuhi isiyo na mawingu vilele vyake huonekana vikiwa vimejipanga kama vifundo vya ngumi, na mtoto aliyevitazama kila siku akienda shule hakukosa kuuliza kuna nini huko juu.

Wakati wa ukoloni swali hilo halikuwa na jibu la maana. Mountain Club of Kenya ilianzishwa mwaka 1949, lakini ulikuwa ulimwengu wa wenye magari, na wengi wao walikuwa Wazungu. Mpangaji wa Ziwani au Shauri Moyo hakuwa na gari, na kwa muda katika miaka ya 1950 hata kutoka nje ya mtaa kulihitaji karatasi ya ruhusa. Ngong ilibaki kitu cha kutazamwa.

Mlango ulifunguliwa na basi. Kenya Bus Service, ambayo watu waliiita KBS, ilikuwa mjini tangu 1934. Mwaka 1966 Baraza la Jiji lilichukua robo ya hisa zake, na kampuni ikapewa haki ya kubeba abiria wa jiji peke yake. Wapo wazee wanaoutaja mwaka mwingine. Haidhuru, abiria hakupanda hisa, alipanda basi. Mwaka huo huo wa 1966 ulianza Mpango wa Tuzo ya Rais, uliomdai kijana afanye safari ya miguu porini ili apate nishani. Wanafunzi, maskauti na vijana wa makanisa wakapata sababu ya kwenda Ngong, na basi likawapa njia.

Safari yenyewe ilianzia dukani. Kila mtaa ulikuwa na duka moja lililofunguliwa gizani, taa ya chemni ikiwaka kwenye kaunta, na mwenye duka akiwa amejifunga blanketi mabegani. Huyo ndiye aliyewajua wapanda milima wote wa mtaa, kuliko padri na kuliko mwalimu. Alikata mkate nusu kwa kisu kilichochakaa kwa kunolewa, akachota Blue Band kwa kijiko kutoka kwenye kopo kubwa, akaipaka palepale, akaufunga mkate kwa gazeti la juzi. Mayai ya kuchemsha yalitoka nyumbani. Chumvi aliitoa bure, kidogo, kwenye kipande cha karatasi kilichokunjwa, na hapo hapo alikagua viatu. Mwenye raba za Bata alipita bila neno. Mwenye akala, zile ndara za mpira wa tairi zilizotengenezwa Kariokor na Gikomba, aliambiwa aangalie asiteleze wakati wa kushuka, kwa maana akala hupanda vizuri ila hukataa kushuka. Waliokwenda kwa mkopo waliandikwa kwenye daftari na kulipa mwisho wa mwezi. Duka hilo lilinuka mafuta ya taa, sabuni ya kipande na mkate mpya kwa pamoja, na mkate ulioliwa saa tano juu ya mlima bado ulikuwa na harufu hiyo.

Basi la kwanza lilipita Jogoo Road kukiwa bado na baridi. Upepo ukivuma kutoka Industrial Area, harufu ya tumbaku ya kiwanda cha Likoni Road iliingia madirishani. Kondakta alikuwa na sare na tikiti. Mkaguzi aliweza kupanda popote na kudai kuiona, kwa hiyo tikiti ilitunzwa kama fedha. Mjini abiria alibadilisha basi na kupanda la Ngong, namba 111. Namba nyingi za njia zilipangwa enzi za KBS, na matatu zikazirithi bila kuzibadilisha.

Kutoka mji wa Ngong njia hupanda hadi kwenye mgongo wa milima, kisha hufuata vilele kimoja baada ya kingine kuelekea kusini kwa zaidi ya kilomita kumi hadi Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi. Kushoto ni Nairobi yote. Kulia ardhi huporomoka hadi sakafu ya Bonde la Ufa. Mteremkoni hukua leleshwa, na anayepenya kati ya vichaka hivyo hurudi nyumbani sweta ikinuka kafuri.

Hapa ndipo mtu wa basi alipompita mwenye gari. Mwenye gari huliacha Ngong, kwa hiyo humbidi kurudi njia ile ile aliyopanda nayo. Mtu wa basi hana alichoacha nyuma. Alivuka milima yote, akashukia Kona Baridi, akadandia chochote kilichotoka Magadi hadi Kiserian, na kutoka hapo akarudi mjini kupitia Rongai, njia ambayo leo ni ya namba 126. Kilichomtawala ni saa tu. Aliyechelewa kilele cha tatu alijua atakosa usafiri, na kundi zima likaharakisha hatua.

Matatu zilikuwapo tangu mwanzo, na mwaka 1973 zikaruhusiwa rasmi kubeba abiria. Kwa mpanda milima zilikuwa baraka zenye miiba: zilifika mahali ambapo basi halikufika, lakini ziliondoka zikijaa, si saa ikifika. Mabasi ya serikali ya Nyayo yalikuja 1986, yakiwa na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) na nauli nafuu, yakadumu karibu miaka kumi. Stagecoach ya Uingereza iliinunua KBS mwaka 1991, ikajitoa 1998. Baadaye mabasi yale makubwa yakapungua hadi yakabaki kumbukumbu, na hakuna mamlaka iliyojisumbua kurudisha ratiba. Hadi leo nauli ya Jumapili jioni hupandishwa mvua ikidondoka tu, kana kwamba mawingu ndiyo yanayouza dizeli.

Ngong yenyewe iliharibika kwa sababu nyingine. Katika miaka ya 1990 na baadaye, wizi uliwakumba watembezi kwenye mgongo wa milima, hata ikawa kawaida kupanda na askari mwenye bunduki. Makanisa mengi ya Eastlands yaliacha kupeleka vijana. Kizazi kizima kilikua Umoja, Kayole na Dandora kikiitazama milima ile kama babu zao wa Ziwani walivyoitazama.

Mengine ni ya juzi. Baada ya mitambo miwili ya upepo iliyotolewa na Ubelgiji mwaka 1993, mingine mingi imesimikwa, na sasa mitambo ya kampuni ya umeme ya KenGen hapo ina uwezo wa megawati 25.5. Lipo geti, na ada yake. Tangu 2019 treni ya SGR hupita chini ya ardhi ya Ngong kwenye handaki la kilomita 4.5 hivi, safari isiyo na faida kwa mtu anayetaka kuwa juu. Kupanda milima kumerudi kwa nguvu kupitia makundi ya simu: gari la kukodi, fulana za rangi moja, mpiga picha, malipo kabla ya Ijumaa. Vijana wa makundi hayo huambiana kwamba haiking imeanza kizazi chao, na wakielezwa kuwa wazazi wao walivuka vilele vyote kwa nusu mkate na akala, hucheka. Kosa si lao peke yao, kwa kuwa hakuna aliyewaandikia.

Bei ya siku moja ya kundi kama hilo humlipia mtu nauli ya kwenda na kurudi mara kadhaa, na ada ya geti juu yake. Magari ya 111 bado huondoka mjini alfajiri, ya 126 bado hurudi kutoka Kiserian jioni, na njia ya kati yao haijasogea. Anayetaka kuivuka atafute wenzake wanne au watano, abebe maji ya kutosha, aulize getini kuhusu usalama wa siku hiyo, na awe Kona Baridi kabla ya saa kumi.