Chuma chenye mashimo saba

Mwezi uliopita mama alimkuta muuza mitumba hapa Nyarugusu na chuma kizito, chenye mkono mmoja na mashimo saba ya mviringo. Muuzaji mwenyewe hakukijua. Mama akakinunua kwa pesa ya sabuni, basi maneno nyumbani hayakukosekana. Watoto wakasema eti ni bao lililokatika. Baba, aliyekuwa mvuvi Uvira, akasema ni cha kuyeyushia risasi za nyavu.

Siku ya tatu dada mmoja mzaliwa wa Tanga, anayefanya kazi hapa, alikiona akacheka. "Mama, hiki si chuma cha vitumbua!"

Kumbe! Kwetu Kivu bitumbura ni donge linaloogelea kwenye mafuta. Cha pwani ni uji mzito wa mchele, hamira na iliki, kila shimo mafuta kidogo tu. Kwa siye ambao mafuta ya mgao hayafiki mwisho wa mwezi, hiyo ilikuwa habari kubwa.

Lakini dada alikagua kwanza. Chuma kilichoyeyushiwa risasi ni sumu, haitoki kwa kuosha. Muuzaji akaulizwa tena, akasema kilitoka kwenye hoteli iliyofungwa. Tukakisugua kutu kwa mchanga na majivu, tukakikausha motoni, tukakipaka mafuta, tukakichoma tena. Hata hivyo vya kwanza viling'ang'ania, tukavila makombo. Na kikiwa cha moto msikimwagie maji baridi, kitapasuka.

Sabuni tulikopa. Deni tulilipa Jumamosi, kwa vitumbua 21.