Punda Mwoga Hafunzwi kwa Fimbo

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo twaitumia kwa binadamu, nasi humwonea huruma mtu wa namna hiyo. Lakini punda akishtuka kwa kuona mfuko wa plastiki unaopeperushwa na upepo, hatuulizi ameogopa nini. Twamwita mkaidi, kisha twainua fimbo. Leo napenda kueleza jinsi sisi wa nyumba moja hapa Olbalbal tulivyomtayarisha punda wetu mwoga kwa siku yake ya kwanza ya mnada, kwa kuwa naamini jambo hili lahusu kila nyumba yenye mnyama wa kazi, na pengine hata nyumba yenye mtoto tu.

Olbalbal iko chini ya milima ya Ngorongoro, mahali ambapo maji ya Bonde la Olduvai huishia na kutuama. Wakati wa kiangazi ni nchi ya upepo na vumbi. Tumo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, ambamo watu, mifugo na wanyama wa porini huishi pamoja, lakini kilimo hakiruhusiwi. Kwa hiyo mahindi hununuliwa, maji hufuatwa mbali, na vyote viwili havina budi kubebwa. Kwa desturi yetu Wamaasai, mizigo ya nyumbani ni kazi ya wanawake, na punda ndiye msaidizi wao. Nyumba isiyo na punda haipungukiwi na mizigo. Hupungukiwa na mgongo wa kuibeba, na hapo hutumika mgongo wa mama na wa binti yake.

Hayo ndiyo yaliyotupata. Punda wetu mzee aliuawa na fisi usiku mmoja wa kiangazi. Haikupita muda binti yangu, aliyekuwa darasa la sita, akawa anakosa shule siku mbili kwa juma ili tusaidiane kuchota maji. Kununua punda mwingine aliyekwisha kuzoea kazi hakukuwezekana. Punda wamekuwa adimu na ghali sehemu nyingi za Afrika kwa sababu ya biashara ya ngozi zao, zinazopelekwa China kutengenezewa dawa, hata ikabidi wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, mwezi Februari 2024, waafikiane kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa muda wa miaka 15. Tuliyebaki naye ni Narok, jina ambalo maana yake ni mweusi, punda jike wa miaka minne ambaye hakuwa amebeba hata kuni.

Narok alikuwa na afya njema na miguu imara, lakini aliogopa kila kitu. Aliogopa turubai likipigwa na upepo, madumu matupu yakigongana, mwavuli ukifunguliwa, na pikipiki hata ikiwa mbali. Zaidi ya yote aliogopa kuingia chini ya paa. Nasi tulijua kwamba mnadani mahindi hupimwa ndani ya banda la mabati, katikati ya malori, umati wa watu na vipaza sauti. Punda asiyethubutu kuingia bandani hawezi kupakiwa mzigo, na mwenyewe atalazimika kuutoa nje kwa kichwa.

Shemeji yangu alisema dawa ni fimbo mbili tatu, naye atanyooka. Mama mkwe, ambaye amefuga punda tangu ujana wake, alimjibu kwa upole: "Mwanangu, ukimpiga akiwa mbele ya turubai, atajua kwamba turubai ndilo lililompiga. Kesho ataliogopa mara mbili."

Maneno hayo ya mama mkwe ni ya hekima kongwe. Xenophon, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika katika kitabu chake juu ya farasi kwamba mnyama akipigwa kwa sababu ya woga huzidi kuogopa, kwa kuwa hudhani maumivu yanatoka katika kile kitu alichokiogopa. Hata leo, katika mchezo uitwao dresaji, ambapo farasi huonyesha hatua za utaratibu mbele ya waamuzi katika uwanja wa mita 60 kwa 20, tatizo ni lile lile. Farasi aliye hodari nyumbani huweza kutetemeka siku ya kwanza anapoingizwa katika ukumbi wenye paa, taa kali, muziki na makofi. Walimu wenye busara humzoesha mapema kelele, bendera na maua ya pambo, tena humtembeza ukumbini kabla ya siku ya mashindano. Mnada wetu ndio ukumbi wa Narok.

Yafaa pia tujue jinsi punda alivyoumbwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote kwa pamoja, na masikio yake makubwa huvuta sauti ambazo sisi hatuzisikii. Uchunguzi wa wataalamu uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa punda wa dunia nzima wanatokana na wale waliofugwa kwanza hapa upande wa mashariki ya Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Farasi akiogopa hukimbia. Punda, kwa kawaida, husimama kwanza akaangalia. Kusimama huko ndiko tunakokuita ukaidi, kumbe mnyama anapima hatari.

Tulianza kwa jambo dogo. Kila asubuhi, kabla ya binti yangu kwenda shule, tulitandaza turubai chini na kuweka mawe pembeni ili lisipepee, tukampitisha Narok mbali nalo. Akiinua kichwa na kukaza masikio, tulisimama pale pale, kamba ikiwa imelegea, mpaka ashushe kichwa na kuanza kutafuna. Hapo tulimgeuza tukarudi. Hatukungoja ashindwe ndipo tumwondoe. Tulimwondoa angali ametulia. Siku ya tisa alilinusa. Siku ya kumi na mbili alilikanyaga, na binti yangu akampa magadi kidogo ya kulamba.

Baada ya hapo tuliliondoa jiwe moja, kisha la pili, turubai likapeperuka. Shogi tulimvisha tupu kwanza, halafu tukazijaza majani makavu, kisha mchanga, tukiongeza kidogo kidogo na kuhakikisha pande mbili zina uzito sawa. Watoto walipewa kazi ya kupiga debe, mwanzo kwa mbali na polepole, na wakaambiwa waache mara punda anapotulia. Kijana mwenye pikipiki alikubali kuiwasha na kuiacha ikinguruma ng'ambo ya boma, na kila jioni akaisogeza hatua chache. Kuhusu paa, tulisimika nguzo nne, tukaweka juu yake mabati mawili makuukuu. Jirani alituazima punda wake mzee, mpole kama maji ya mtungini. Huyo aliingia, akala majani, akatoka. Narok alimtazama kwa siku tano. Siku ya sita alimfuata.

Kazi hiyo ilichukua majuma saba. Shemeji alicheka mwanzoni, lakini ndiye aliyetuletea mabati.

Siku ya mnada tuliondoka jua lilipochomoza, mimi, mama mkwe na punda wawili. Njiani tulivuka barabara iendayo Serengeti, ambako magari ya watalii hupita na kuacha wingu la vumbi. Narok alisimama, yakapita matatu, akaendelea. Tulifika mnadani mapema, kabla umati haujajaa, tukamzungusha mara mbili nje ya banda. Alipofikishwa mlangoni, kipaza sauti kililia ghafla. Alikaza miguu yote minne, na ngozi ya ubavu wake ikatetemeka. Watu walianza kucheka, na mtu mmoja akanyosha fimbo. Mama mkwe alimshika mkono akamwambia, "Mwache, baba. Anasikiliza."

Tulingoja. Labda zilikuwa dakika tano, nazo zilikuwa ndefu, kwa sababu nyuma yetu wengine walitaka kupita. Kisha Narok akapuliza pua, akalamba midomo, akaingia chini ya mabati nyuma ya rafiki yake mzee. Alipakiwa kilo 20 za mahindi kila upande, akazifikisha nyumbani bila kuangusha punje. Siku hiyo binti yangu alikuwa darasani.

Ndugu wazazi, nchi yetu inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo inakataza ukatili kwa wanyama. Lakini sheria haikai bomani. Tunaokaa bomani ni sisi. Tusimtwike punda mchanga kabla mifupa yake haijakomaa, wala tusimpeleke penye kelele pasipo kumzoesha. Anaposimama, tumpe nafasi atazame. Tuwafunze watoto wetu, wavulana kwa wasichana, kushika kamba kwa mkono uliolegea. Methali husema shukrani ya punda ni mateke, lakini Narok hajampiga mtu teke mpaka leo, na kila juma analeta maji na mahindi yanayotulisha.