Kipando cha kukodi ni amana mkononi mwako



Tangu niweke ile picha nimevaa helmeti juu ya pikipiki ya magurudumu manne, nyuma yangu bahari ya Adriatiki na mapaa mekundu ya Dubrovnik, maswali hayajakatika. Wengine mmecheka, na mna haki, maana helmeti na kofia ya kiua vimeshindana kichwani pangu na kofia ikashindwa. Wengine mmeuliza kwa adabu: sheikh, huu si upuuzi? Mtu mzima kutoa fedha yake azungushwe mlimani? Hilo nitalijibu kwa ufupi, kisha niingie katika jambo ambalo hakuna aliyeniuliza.

Kuhusu mchezo, dini yetu si kavu kama baadhi yetu tunavyoifanya. Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi mjini Madina, waliotayarishwa wakakimbia kutoka Hafya mpaka Thaniyyatul Wadaa, na wasiotayarishwa wakapewa masafa mafupi zaidi. Alishindana mbio na mkewe, Mama Aisha (r.a.). Na Qur'ani, katika Suratul Ankabut na Suratur Rum, inatuhimiza tutembee ardhini tutazame. Kwa hiyo kutembea na kutazama si haramu. La kuangaliwa ni unavyotembea, na unafanya nini na mali ya watu ukiwa safarini.

Dubrovnik ni mji wa Kroatia, na mlima ulio juu yake unaitwa Srđ, una mita mia nne na ushei. Nyuma ya kilele kuna uwanda wa mawe meupe na vichaka, pamoja na kijiji kinachoitwa Bosanka, na huko ndiko misafara ya pikipiki hizi inakopita. Nilikuwa nimekwenda Ujerumani kwa mihadhara, mpwa wangu anayefanya kazi huko katika ghala akachukua likizo akanipeleka. Tulikuwa watu sita, na mwongozaji mbele. Kabla ya kuwasha alitusomea masharti: leseni ya gari, helmeti kwa kila mtu, kufuatana mmoja mmoja nyuma yake, na dhamana ya euro 300 ambayo hukatwa ukiharibu chombo. Tukasaini.

Mpwa wangu aliinua helmeti akaniambia, "Mjomba, ajali si imeandikwa? Hili dude la nini?" Nikamwonyesha chini, nje kidogo ya lango la Ploče, majengo marefu ya mawe kando ya bahari yanayoitwa Lazareti. Huko wasafiri walikuwa wakizuiliwa kwanza, wasije na tauni. Mji huu ulitunga sheria hiyo mwaka 1377: anayetoka nchi yenye tauni akae siku 30 Cavtat au kisiwani Mrkan ndipo aingie. Wanahistoria wanaihesabu miongoni mwa karantini za mwanzo kabisa duniani. Nasi Waislamu tulikuwa na msingi wake karne nyingi kabla, pale Mtume (s.a.w.) alipotukataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kuikimbia ikiwa imetukuta tulipo. Sayyidna Umar (r.a.) aligeuza msafara mahali panapoitwa Sargh aliposikia Sham ina tauni. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, naye akajibu kwamba anatoka kadari moja kwenda kadari nyingine. Basi helmeti nayo ni kadari. Akaivaa, tukasoma dua ya kipando, ile iliyomo katika Suratuz Zukhruf, tukaondoka.

Sitawachosha na uzuri wa mandhari, picha mmeziona. Ila mwongozaji alisimama karibu na ngome ya Imperial, iliyojengwa na Wafaransa zama za Napoleon, akatuambia tutazame mapaa. Vigae vingi ni vyekundu vya kung'aa, vichache vimepauka. Vilivyopauka ndivyo vya zamani. Mji ulizingirwa tangu Oktoba 1991, na tarehe 6 Desemba mwaka huo ukapigwa vibaya kuliko siku zote. Kati ya majengo 824 ya mji mkongwe, 563 yalipigwa. Ngome tuliyosimama kando yake ndiyo walimojihami walinzi wa mji, na kwa miaka mingi baada ya vita watu walionywa wasitoke njiani huku mlimani kwa sababu ya mabomu ya ardhini. Mwongozaji alisema wakati ule alikuwa mtoto. Hakuongeza neno, akawasha pikipiki yake.

Baada ya hapo ndipo penyewe. Mpwa wangu alianza kubaki nyuma makusudi ili apate nafasi ya kutia moto. Mara ya tatu alitoka kwenye mstari, akapanda jiwe, chombo kikainama upande nusura kimlalie. Alhamdulillah, yeye hakuchubuka. Madigadi ya mbele ndiyo iliyopasuka kwa chini, ufa wa kama shibiri moja. Wengine walikuwa wameshakata kona. Niliyeona ni mimi.

Akachota vumbi akalipaka juu ya ufa. "Mjomba, tafadhali. Hawa wana mkwanja, na bima wanayo. Hiyo euro 300 ni ya dawa za mama."

Mama huyo ni dada yangu, yuko Tanga, ana kisukari, na kweli fedha ya dawa zake inatoka kwa kijana huyu kila mwezi. Sikuwa nikisikia hoja ya mgeni.

Nimewapa habari hii kwa sababu wengi wenu mko ughaibuni, mnakodi magari, nyumba na baiskeli kila wiki. Basi fahamuni hukumu yake. Katika fiqhi yetu ya Kishafii, kitu cha kukodi kikiwa mkononi mwa mkodishwaji ni amana. Kikiharibika bila uzembe wake wala kuvuka mpaka, halipi. Ndiyo maana wanachuoni wengi hawakulikubali sharti la kumtwisha mkodi kila hasara, ingawa wapo waliolipitisha kwa kuwa Waislamu hufungwa na masharti yao. Lakini kwa mpwa wangu khilafu hiyo haina kazi. Aliambiwa afuate mstari, akautoka. Huko ndiko kuvuka mpaka, na aliyevuka mpaka analipa kwa kauli moja.

Ama kwamba wenye mali si Waislamu na wana uwezo, hoja hii naisikia mno, na inanisikitisha zaidi inapotoka kwa watu wa swala. Umeingia nchi ya watu kwa viza, yaani kwa ahadi. Wao wamekupa amani, na wewe umewapa amani juu ya roho zao na mali zao. Usiku wa hijra, Makuraishi wamepanga kumuua Mtume (s.a.w.), na bado alimwacha Sayyidna Ali (r.a.) Makka awarudishie watu amana walizoweka kwake. Kama amana ya watu wa mji uliokuwa ukimwinda ilirudi kwa mwenyewe, sisi tunaificha ya nani kwa vumbi? Na dawa ya mama hainunuliwi kwa haki ya mtu mwingine. Mama mwenyewe angeijua asili yake, ninavyomjua, asingeimeza.

Nilimwambia: sitakwenda kukusemea, lakini nikiulizwa sitasema uongo. Tukarudi bila kuzungumza.

Pale chini kijana wa ofisi alipita haraka, akagusa matairi, akaanza kurudisha kadi za watu. Hakuuona ufa. Mpwa wangu alichukua kadi yake, akapiga hatua kama tano kuelekea barabarani, kisha akageuka. Akamwita mwongozaji, akainama akafuta vumbi kwa kiganja chake mwenyewe.

Najua mnataka kusikia kwamba alisamehewa. Hakusamehewa. Mwongozaji alimshukuru, akakata euro 180, akampa risiti. Haki yake. Mpwa wangu alininunia mpaka kesho yake mchana. Dawa za mwezi ule nilichangia nusu. Si kwamba nilidaiwa, ni dada yangu.

Kwa walioniuliza kuhusu swala: mji mkongwe una msala mdogo kichochoroni, ulizieni. Misafara ya asubuhi inaisha kabla ya Adhuhuri. Ile ya machweo, majira ya joto jua huzama karibu saa mbili na nusu usiku, hivyo Magharibi itawakuta mlimani. Aliye msafiri anaweza kuichelewesha aiswali pamoja na Isha, ila anuie hivyo kabla wakati wa Magharibi haujatoka.