Sauti Nene Chumbani

Sauti nyembamba hutiishwa kwa urahisi. Pazia huipunguza, mkeka huinyamazisha, na hata mto mmoja kitini huifanyia kazi. Sauti nene haina unyenyekevu huo. Hupita katika pazia kana kwamba pazia halipo, hugonga ukuta, hurudi, na kujirundika pembeni mwa chumba. Mtu apendaye kusikiliza santuri nyumbani hana budi kuijua tabia hii kabla ya kutoa fedha yake kununua spika kubwa zaidi, kwa maana spika kubwa katika chumba kibaya huzidisha ubaya.

Huku kwetu jambo hili limekuja pamoja na saruji. Zamani nyumba nyingi za Upare zilijengwa kwa fito na udongo, zikaezekwa nyasi. Na nyasi nene za paa ni mlaji mzuri wa sauti. Siku hizi katika mji wa Same, chini ya milima ya Upare ya Kusini, twajenga kwa matofali, twasakafia saruji na kuezeka bati. Nyumba hizi ni imara, wala siwashauri watu kuziacha. Lakini ukuta mzito na mgumu haumezi besi. Huirudisha yote kwa mwenyewe.

Chumba changu kina mita 4 kwa mita 4, na kimo cha mita 3. Katika hewa yenye joto la nyuzi 25 sauti husafiri karibu mita 346 kwa sekunde. Basi mtetemo wa mara 43 kwa sekunde una wimbi la urefu wa mita 8, yaani mara mbili ya upana wa chumba. Wimbi la kipimo hicho likirudi kutoka ukutani hukutana na lile linalokwenda, yakashikamana, yakasimama. Penye kuta nguvu yake ni kubwa mno. Katikati ya chumba hakuna kitu. Na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, maradhi ya upande mmoja huongezewa ya upande wa pili. Mwenye kujenga chumba cha kusikilizia asikifanye mraba. Waya mnene wa gitaa la besi hulia mara 41 kwa sekunde. Utaona jinsi msiba ulivyo karibu.

Nilipigia santuri ya Morogoro Jazz Band, bendi iliyomkuza Mbaraka Mwinshehe aliyefariki mwaka 1979. Mjomba wangu, mcheza dansi wa siku zake, alikuwa ameketi juu ya benchi lililoegemea ukuta, nami nimeketi katikati. Akasema, "Mpwa wangu, mpiga besi huyu anamfunika mwimbaji." Nikamjibu, "Mjomba, mimi hata simsikii." Tulikuwa wakweli sote wawili. Tukabadilishana viti, na hukumu zetu zikabadilishana pia. Jambo hili si dogo. Mwimbaji na mpiga gitaa la mbele hukumbukwa kwa majina. Mpiga besi mara nyingi huachwa bila jina, na kazi yake ndiyo urithi wake wote. Je, ahukumiwe kwa mahali alipoketi msikilizaji?

Dawa ya kwanza haina gharama: sogeza kiti. Katika chumba cha mita 4, mita 1.5 kutoka ukuta wa nyuma ni mahali pa kuanzia, mbali na katikati na mbali na ukuta.

Dawa ya pili ni kuweka kitu cha kumeza. Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika miaka ya 1890, alipima sauti kwa kuchukua matakia ya viti vya ukumbi mmoja na kuyapeleka katika ukumbi mwingine, usiku baada ya usiku. Sisi tuna sufi, tuna na makapi ya katani kutoka mashamba ya mkonge ya tambarare. Hewa inayokwenda na kurudi kati ya nyuzi hizo hujikwaruza, na nguvu yake ikageuka joto. Lakini hewa iliyogusana na ukuta haiendi popote. Mwendo wake mkubwa uko robo ya wimbi mbali na ukuta, na robo ya wimbi letu ni mita 2! Ndiyo sababu trei za mayai na zulia la ukutani havigusi besi. Huondoa sauti nyembamba tu, na kuiacha nene ikitawala peke yake. Yafaa magunia manene, nusu mita au zaidi, yapangwe pembeni kutoka sakafuni mpaka darini. Hata hayo hufanya kazi zaidi kwa mitetemo ya 80 na kupanda kuliko kwa 43. Tena sufi hushika moto upesi na panya huipenda. Isikae karibu na taa wala nyaya.

Mtungi nao una elimu yake. Puliza mdomoni mwake utasikia noti moja. Mdomo mwembamba huishusha, na maji huipandisha. Hermann von Helmholtz alieleza kanuni yake katika karne ya 19. Mtungi uliopatana na noti inayosumbua huipunguza, ila mmoja hautoshi chumba.

Madirisha wazi huitoa besi kiasi, na joto la Same huyataka wazi. Lakini kinachotoka kwangu humfikia jirani, naye hakuomba dansi. Bati la paa nalo lina yake. Noti fulani hulitikisa, likaimba pamoja na mpiga besi mpaka msumari uliolegea upatikane. Nimekwisha kukaza mitatu. Wa nne ungali unaimba.